Masikio ya Mpishi wa Shughuli

Mwaka ule nazi ziliadimika Tanga nzima. Watu waliozoea kukuna nazi tatu kwa sufuria moja ya wali walikula wali wa mafuta, mkavu, kama chakula cha wagonjwa. Maharage tuliyaunga kwa karanga. Samaki wa kupaka alikosa cha kupakwa. Mkimuuliza mtu wa mtaa wetu wa Ngamiani wa rika langu habari za mwaka ule, hatawatajia tarakimu. Atawaambia "mwaka wa wali mkavu" na wenzake wote watajua. Basi mwaka wa wali mkavu ndipo nilipounguza pilau ya watu, na ndipo uziwi wangu ulipojulikana. Wenyewe ulikuwa umeanza kabla ya hapo.

Nawaandikia nyie wajukuu zangu, na nyie wasichana mnaoshika miko mikubwa baada yetu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Nilichonacho ni miaka mingi ya kukaa mbele ya mafiga, na miaka hii ya karibuni ya kukaa na mashine masikioni. Zote mbili ni kazi na zote zina ujuzi wake, na kote kuwili nimeharibu kabla ya kujua.

Nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, akika, maulidi, mtu karudi Makka, watu walikuja barabara ya kumi na tano kumuuliza Bi Zena. Nimepika Ngamiani nyumba kwa nyumba, nimepika Maramba kwenye matope ya masika, nimepika Kigombe upepo ukinizimia moto. Waarabu wenye mashamba waliniita, na mvuvi aliyeoza binti yake wa mwisho aliniita, na pilau yao ilikuwa moja. Sikupika kwa saa, maana saa sikuwa nayo. Nilipika kwa sikio.

Aliyenifunza ni Bi Mgeni, mwanamke wa Kigombe, mfupi, mwenye mkono mwepesi wa kupiga na ulimi mwepesi zaidi. Siku ya kwanza nilifunua mfuniko kutazama mchele, akanichapa kwa mpini wa upawa.

"Umeona nini humo?" akaniuliza.

"Mvuke, Bi Mgeni."

"Ndiyo umeutoa sasa. Mchele wa watu utabaki na kiini kwa sababu yako. Funika, nyamaza, sikiliza."

Nikasikiliza. Maji yakiwa mengi, sufuria inavuma, sauti nene, hata aliye barabarani anaisikia. Yakipungua, inafoka kidogo kidogo, inapumzika, inafoka. Yakikaribia kukauka, inatatarika. Ni sauti nyembamba mno, kama mtu anayekanyaga mchanga mkavu kwa ncha za vidole. Hapo huna muda hata wa kufunga khanga vizuri. Unavuta kuni zote chini, unapalia makaa juu ya mfuniko, unaondoka. Ukiwahi, pilau ina maji. Ukichelewa, una ukoko hadi katikati.

Bi Mgeni mwenyewe hakuwa akiinama kusikiliza kama sisi. Yeye aliegemeza mwiko kwenye mfuniko, akaushika kwa vidole viwili, akafumba macho. Tuliona ni madaha ya wakubwa. Tulimwiga tukiwa visimani na kucheka mpaka ndoo zikatuponyoka. Kumbukeni huo mwiko, nitaurudia.

Sasa ile pilau. Ilikuwa harusi ya watu wakubwa, wafanyabiashara, uani kwao pamewekwa mafiga matatu na sufuria tatu za kubebwa na wanaume wawili wawili. Nilikuwa na Mwantumu, aliyekuwa mwanafunzi wangu tangu hajaolewa, na wasichana wengine wa kukata vitunguu. Nikatia mchele, nikafunika, nikakaa kwenye kigoda changu. Sufuria ya katikati ikavuma, nikaisikia vizuri. Kisha ikanyamaza. Nikajisemea bado, haijafoka. Nikachochea kuni.

Mwantumu anasema aliniita mara tatu. Alikuwa nyuma yangu, na redio inapiga, na wanawake wanapiga vigelegele ndani. Mimi nilisikia kelele moja tu iliyochanganyika, kama maji ya mfereji. Niligeuka nikawaona wasichana wanatazamana wamefunika midomo kwa khanga, nikadhani wana vichekesho vyao. Nikachochea tena. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa umenijaa puani, sikupata hata harufu. Nilipoona mvuke umegeuka rangi, theluthi nzima ya sufuria ilikuwa nyeusi na iliyobaki inanuka moshi.

Mama mwenye harusi akaja, mikono kiunoni. Kabla sijafungua mdomo, Mwantumu akasema, "Ni mimi, mama. Nilizidisha kuni Bi Zena alipokwenda kusali."

Sikuwa nimekwenda kusali. Nikanyamaza. Mwantumu akatukanwa mbele ya wasichana aliokuwa anawaongoza, na mimi nimekaa kwenye kigoda changu, heshima yangu imekaa nami. Nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo. Jioni ile nilitangaza kwamba mgongo unaniuma na kazi nimeacha.

Sikilizeni niwaambie masikio yanavyoondoka, maana watu wanadhani yanazimika kama taa. Yanaondoka kama wageni wa harusi, mmoja mmoja, na wanaotangulia ni wale wanyamavu. Sauti nyembamba ndizo za kwanza. Ndege, mlio wa simu iliyo chumba cha pili, sauti za watoto, kutatarika kwa sufuria. Sauti nene zinabaki. Ndiyo maana nilikuwa nikisikia mtu anasema, ila sijui anasema nini. Unaitikia "ndiyo, ndiyo", unacheka wenzako wanapocheka. Nikawa hodari wa kuzungumza mimi peke yangu, kwa sababu anayezungumza haulizwi. Mkimwona bibi yenu kawa mwingi wa maneno ghafla, mchunguzeni masikio kabla hamjamsema.

Nyumbani ilikuwa hivi. Mtu anapiga hodi mpaka anachoka, anakwenda kuwaambia watu Bi Zena siku hizi anaringa. Bomba nimelifungua nikaondoka, uani pamekuwa bwawa. Maulidi kwa jirani nikawa siendi, nitakwenda kutazama midomo? Na Ngamiani nyie mnaijua, kila mtu na baisikeli yake. Baisikeli haina ngurumo, ina kengele, na kengele ni sauti nyembamba. Asubuhi moja natoka dukani na sukari yangu, kijana aliyepakia mikate akapiga kengele, akapiga, akaamini nitapisha. Sikupisha. Nilijikuta nimelala barabarani na mikate imenizunguka. Mkono ulifungwa bandeji wiki kadhaa.

Habari hiyo ilimfikia mwanangu Seif huko Dar es Salaam kabla vumbi halijatulia. Seif ni mtoto wangu wa pekee, baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, nimemlea kwa pilau za watu. Akaja na gari pamoja na mkewe Asya. Akaingia huku anasema, akazunguka chumba anasema, akachungulia dari anasema, akaufungua mlango wa uani akanipa mgongo, bado anasema. Sikupata hata neno moja, lakini nilimwona anapima kabati langu kwa shubiri, nikajua anapima kama litaingia garini.

Nikamwambia, "Sihami Ngamiani, Seif. Anayetaka kunitunza asogee, anitazame usoni, aseme polepole."

Hakusogea. Alichukua pakiti ya sukari, akaipasua, akaniandikia kwa nyuma. Ninayo mpaka leo. "Mama, nakuachia mpaka Idi kubwa. Nikija nikikukuta hivi hivi husikii, tunaondoka wote. Nyumba tutaifunga." Kisha akanibusu mkono, akaenda zake.

Nyumba hiyo niliinunua mwenyewe kwa miko yangu. Nilikaa na hiyo karatasi ya sukari mapajani, mkono mmoja umefungwa, nikaegemeza ule mkono mzima kwenye birika lililokuwa jikoni linachemka. Nikausikia mtetemo wake. Mkononi, si sikioni. Ndipo nilipomkumbuka Bi Mgeni na mwiko wake. Hayakuwa madaha yale. Bi Mgeni alikuwa kiziwi. Miaka yote ile alipika kwa vidole, akatuficha, na sisi tukacheka visimani. Nilikaa pale nikajiuliza, hivi na mimi nitaficha mpaka nife?

Nikajifunga baibui nikaenda kwa Mwantumu. Yeye ndiye mpishi mkuu siku hizi. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Zena," akasema, akiutazama ule mchele.

"Nitazame unisalimie, siku hizi nasikia kwa macho. Mwantumu, ile pilau niliunguza mimi."

Akainua uso. "Najua. Nilikuwepo."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ungesemaje weye? Ulikuwa hujajua kama huskii. Tulikuwa tunajua sisi." Akakung'uta ungo. "Mwaka mzima nilikuwa nakaa mkono wako wa kulia, sufuria ikitatarika nakukoholea begani. Siku ile mama mwenye harusi alinituma viungo, niliporudi nikakwama nyuma yako kwa vigoda vya wakata vitunguu. Ndiyo ikaungua."

Mwaka mzima. Mimi nasema nimepika kwa sikio langu, kumbe nimepika kwa kikohozi cha Mwantumu. Nilimwomba radhi, akasema nimsaidie kuchambua mchele, na wiki ile ile akanipeleka hospitali.

Hospitalini kuna binti wa masikio. Kwanza alinitazama ndani kwa kitochi, akatoa mabonge ya uchafu niliokuwa nikiusukuma ndani kwa njiti ya kiberiti miaka yote. Msitie njiti masikioni, wala pini, wala unyoya wa kuku. Sikio linajisafisha lenyewe. Weye futa nje kwa kitambaa. Kisha akanitia kwenye chumba kidogo, akanivisha vile vya kufunika masikio, akanipa kidude cha kubonya, nikisikia mlio nibonye. Mimi kwa kiburi changu nikamtazama mkono kupitia kioo. Akigusa mashine yake, nabonya. Akigusa, nabonya. Nikajiona nimefaulu. Akaja akafungua mlango.

"Bibi, unasikia vizuri sana."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hata mara mbili nilipogusa bila kutoa mlio umesikia. Sasa geukia ukutani."

Ukutani ukweli ukatoka.

Nikapewa mashine mbili, za kukaa nyuma ya sikio, kila moja ina mrija mwembamba unaoingia kwenye kizibo laini kilichofinyangwa kwa sikio langu mwenyewe. Alipoziwasha kitu cha kwanza nilichosikia ni khanga yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba khanga mpya inasema. Nyumbani nikala muhogo wa kuchoma nikajisikia natafuna kama punda. Kandambili zangu zilinipigia kelele mpaka nikazivua. Siku ya pili nikazirudisha kwenye boksi, nikaapa sitazivaa tena. Mwantumu akaja akazitoa. "Binti alisema saa mbili tatu kwa siku, ndani, kwenye utulivu, uongeze taratibu. Weye umekwenda nazo sokoni siku ya kwanza." Alisema kweli. Nilianza upya, uani kwangu, mimi na kuku. Ilichukua wiki nyingi kabla kuku hawajawa kuku tu.

Sasa ujuzi wenyewe, maana ndio niliokaa kuuandika.

Betri ni ndogo kama punje ya choroko iliyopondwa, ina karatasi imebandikwa juu. Ukiibandua usiitie haraka, iache dakika moja ivute hewa ndipo ifanye kazi. Ukiifunga pale pale itakufa mapema na utamlaumu muuzaji. Na iwe na mahali pake. Mimi nilikuwa naziweka kwenye kisosi kimoja na vidonge vya presha, na asubuhi moja nilikuwa nimeshaitia betri mdomoni na maji nimeshika ndipo ulimi ukaniambia hiki si kidonge. Mtoto akiimeza, msingoje kuona kama itatoka. Hospitali wakati huo huo, inachoma koo na tumbo.

Ukienda kutawadha, vua. Ukienda kuoga, vua. Ukipaka mafuta ya nywele, paka kwanza, nawa mikono kwa sabuni, ndipo uvae. Usifunge kwenye pindo la khanga kama tunavyofunga kila kitu chetu, maana pindo linafuliwa. Kizibo kinavuliwa kwenye mashine, kinaoshwa peke yake kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, na mrija unapulizwa kwa kipira kidogo wanachokupa nazo mpaka tone la mwisho litoke. Mashine yenyewe haionji maji, ni kitambaa kikavu tu.

Ikipiga filimbi, usiipige kofi. Filimbi ni kwamba kizibo hakijakaa au sikio limejaa uchafu au umefunga ushungi ukaubana juu yake. Mimi ilinipigia filimbi katikati ya maulidi, wanawake wote wakatafuta simu kwenye mikoba yao, na mimi nikatafuta nao. Tangu siku ile ushungi naufunga ukiwa umelegea upande wa masikio.

Na unyevu. Tanga yetu hii chumvi inayeyuka mezani, mnadhani mashine itasalimika? Ukilala, zivue, fungua mlango wa betri, zitie kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana pamoja na zile punje za kukausha anazotoa binti wa masikio. Punje zikigeuka rangi, omba nyingine. Msizitie kwenye mchele. Mimi mpishi nilidhani mchele ndio dawa, unga wake ukaziba vitundu.

Lakini mchele haukuwa kitu mbele ya udi.

Nyie mnajua nyumba zetu. Hakuna nguo inayovaliwa kwenye shughuli bila kufukizwa. Unawasha chetezo, unatia udi, unafunika kile kikapu chetu cha matete, unatandaza nguo juu, moshi unapanda. Nywele tunafukiza, mashuka tunafukiza. Ikawa imebaki wiki tatu kabla ya Idi, joto limepamba moto, na mimi nikaona mashine zimekaa masikioni kwa jasho siku nzima, zina kaharufu. Nikasema nitakwendaje kusalimiana na watu nina harufu masikioni? Nikazipanga juu ya kikapu, kwenye kitambaa cheupe, nikatia udi mzuri kabisa wa kuwekea wageni. Zikakauka, zikanukia. Nikazivaa. Kimya.

Binti wa masikio alizifungua akazipangusa kwa kitambaa, kikatoka na nta ya kahawia. Moshi wa udi una mafuta, ulikuwa umeziba vitundu vyote vya kuingilia sauti, na kizibo cha kushoto kilikuwa kimejikunja kwa joto. Hakunifokea. Alizinusa tu, akaniuliza, "Bibi, huu udi wa wapi?" Mashine ya kulia aliisafisha ikarudi kusema. Ya kushoto alisema lazima ipelekwe kwa fundi, na haitarudi kabla ya Idi.

Jirani yangu, Mungu amrehemu mdomo wake, akampigia Seif. Akamwambia Mama yako kachoma mashine zote mbili kwa udi, hana moja. Nami sikumpigia kukanusha. Nilikuwa na sikio moja na wiki mbili na siku kadhaa, nilikuwa na kazi. Kila mchana Mwantumu aliniletea sufuria ndogo ya mchele, nikapika, sikio la kulia nimelielekeza kwenye mfuniko, mwiko mkononi kama Bi Mgeni. Vidole vilinifundisha sikio. Vidole vilipotetemeka, nilitafuta sauti inayofanana navyo. Mara tatu niliunguza. Mara ya nne nikasikia mtu anakanyaga mchanga mkavu.

Idi ikafika. Nazi zilikuwa zimerudi wakati huo, mji mzima ulinuka tui. Seif akaingia na kanzu yake, akanibusu mkono, akanisemesha kwa kupiga kelele kama anaita ng'ombe. Nikamwambia, "Idi njema, baba, kaa." Nilikuwa nimevaa ushungi, hakuona kitu. Nami nilikuwa kwenye kigoda, uani, pilau iko motoni imeshafunikwa. Simu yake ikaita. Akasimama nyuma yangu kwenye kizingiti, hatua tatu. Hakuteremsha hata sauti. Mbele ya kiziwi watu wanasema kama mbele ya kabati.

"Asya, usihangaike," akamwambia mkewe. "Nitamwandikia kwamba anakuja kutembea siku tatu tu. Akishafika huko, basi. Ufunguo ninao mimi. Chumba cha mbele kuna mtu anakitaka afanye duka." Akasikiliza. "Hapana, hasikii. Yuko hapa mbele yangu. Mashine kazichoma."

Sikugeuka. Nimetukanwa na watu wengi, sijaona lililonichoma kama hilo la siku tatu. Nilikuwa nataka kusikia na lile linalofuata, nataka kujua kama atasema "masikini Mama" au atasema nini. Mtu mwenye masikio mawili angeligawa, moja nyuma, moja mbele. Mimi nilikuwa na moja. Na hapo sufuria ikatatarika.

Kidogo sana. Mchanga, ncha za vidole.

Nikaliacha la nyuma. Niliinuka, nikavuta kuni zote tatu kwa mpigo, nikachota makaa kwa koleo nikapalia juu ya mfuniko, nikayasambaza, nikapangusa mikono. Hakuna aliyeniambia. Mwiko ulikuwa chini, sikuugusa. Nilipogeuka, Seif alikuwa amesimama na simu imeshuka mpaka kifuani, Asya bado anaongea humo ndani, namsikia kama nzi ndani ya bati.

"Kata simu," nikamwambia, nikikaa tena kwenye kigoda. "Mwambie nimemsalimia."

Akakata. Kisha akaivuta mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa ukutani, akaifunika meno kwa kitambaa, akaikalia mbele yangu kama alivyokuwa akiikalia alipokuwa mtoto, magoti yake yanagusa yangu. Jua lilikuwa linampiga usoni. Akainamisha kichwa akasema kitu.

"Inua uso," nikamwambia. "Siuoni mdomo."

Akainua. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, umesikia yote?"

"Yaliyonihusu."

"Naogopa," akasema. Akalisema taratibu, neno moja moja, kama mtu anayepanga sahani. "Siku ile nilipoambiwa umelala barabarani, nilishindwa hata kushika usukani. Aliendesha Asya mpaka Segera. Kila simu ikiita nadhani ni habari yako. Sikutaka kukudanganya. Sikujua njia nyingine."

Mwanamume mzima, ana ndevu, kakaa juu ya mbuzi. Nikaziona mvi mbili kidevuni kwake ambazo sikuwa nimewahi kuziona, kwa sababu hakuwa amewahi kukaa karibu hivyo tangu nianze kuwa kiziwi. Nikamweleza habari ya fundi, na mashine ya kushoto, na chupa ya punje. Nikamweleza nimefungiwa taa mlangoni, mtu akibonya kengele taa inamulika sebuleni. Nikamweleza Mwantumu anapita kila asubuhi. Alisikiliza. Akaniuliza namna ya kubandua karatasi ya betri, nikampa moja abandue, akataka kuitia pale pale. Nikamshika mkono mpaka dakika ikaisha.

Pilau tuliipakua wawili. Chini ukoko ulikuwa mwembamba, wa rangi ya dhahabu, ule ambao watoto wanaugombania. Seif akala akimaliza anaongeza. Halafu akanawa, akarudi kwenye ile mbuzi, akanitazama usoni.

"Basi niambie mwenyewe, Mama," akasema polepole. "Tunakwenda, au hatwendi?"

Sikuwa na maneno mapya.

"Sihami Ngamiani, Seif. Anayetaka kunitunza asogee, anitazame usoni, aseme polepole."